Kopo Lililoangalia kwa Fundi Cherehani

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Hujambo huko, na kile kikohozi kimekuachia? Sisi wazima, mama pia, ingawa habari za mama ndizo zilizonishikisha kalamu. Naandika kwa sababu simu unanikatia kila nikimtaja yule fundi cherehani. Soma mpaka chini kabla hujachana.

Unajua kibandani kwangu hakuna mtandao. Basi nimetengeneza antena! Kopo tupu la maziwa ya unga, tundu ubavuni, kipande cha waya wa shaba ndani, kebo mpaka kwenye kompyuta. Linasikia upande linakoangalia tu, kwingine halina habari nako. Nilikuwa natafuta waifai ya binamu (kanipa nywila mwenyewe, usinune). Nazungusha, nazungusha, mara naona jina la mtandao: "Baba Mkali".

Dada! Jina hilo uliliweka wewe kwa utani kwenye mtandao wa simu ya marehemu baba, ile iliyopotea siku ya mazishi. Ukasema kaiba fundi, kwa kuwa ndiye aliyeingia chumbani kutoa viti, ukamrudishia pete yake ya uchumba. Na kopo langu lilikuwa linaangalia wapi? Ukuta wa mabati wa duka lake.

Nikachungulia siku kadhaa. Kila alasiri jina linatokea, kisha linapotea. Nikasema leo mwizi kapatikana, nikamvamia mbele ya wateja. Hakupandisha sauti. Alisema nipekue hata ndani ya cherehani, ila nisimchanganyie vitambaa. Sikupata kitu. Mama mmoja akacheka, akasema nirudishe kopo nikanywe chai. Mimi nikaona simu kaificha tu, nikaleta mitambo yangu mpaka barazani kwake. Akanishikia kebo, huyo ninayemwita mwizi!

Nikalielekeza kopo kwenye mabati: mawimbi hafifu. Nikaligeuzia barabarani: yakapanda mpaka juu. Dada, kopo lilikuwa linaangalia nyumbani kwetu, ng'ambo ya barabara. Kumbe mabati hurudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha jua, nami na ujuaji wangu wote sikuliwaza hilo.

Nilikimbia. Nilimkuta mama kitandani, simu ya baba sikioni. Ujumbe wa sauti: baba anamkumbusha kufunga banda la kuku. Anasikiliza huo huo kila siku nikiwa kibandani, na simu ikiwashwa inarusha mtandao yenyewe, kama ulivyoiweka wewe. Alisema alikusikia ukisema utafuta kila kitu kilichomo unipe mimi simu ile, akaificha. Maneno ya wizi yalipoanza, ulimi ukawa mzito, na kadiri alivyochelewa ndivyo ulivyozidi uzito. Analia kwamba amekubomolea nyumba kabla hujaijenga.

Nimemwomba fundi radhi mbele ya wateja wale wale, na mama alikwenda mwenyewe. Fundi amesema hana kinyongo, na hataki nikuombee lolote. Amenikataza pia nisikwambie kwamba pete bado iko kwenye kikopo chake cha vifungo. Sasa nimekwambia.

Mama anakusalimu sana. Anaomba usimpigie, uje. Wasalimie wote hapo ulipo.

Ni mimi mdogo wako, ambaye mtaa mzima sasa unamwita

Fundi Makopo