Meteor na Titano Kwenye Geti la Mgodi

Jumapili, 4 Juni 1995

Baada ya misa nimepanda basi la kampuni hadi mjini Shinyanga, dukani kwa Harish. Jumapili anafunga mlango wa mbele, mimi naingilia nyuma. Mkewe Savita analeta chai ya tangawizi na kututikisia kichwa. Watu wazima wawili na midoli! Zamani alikuwa anasema. Siku hizi anatikisa tu.

Ubishi uleule. Harish ni mtu wa Titano, wale mashujaa wa mpira. Baba yake ndiye aliyewaagiza kutoka Hong Kong mwaka wa sabini na nne, na mashujaa ambao hawakununuliwa bado wamejaa kabatini kwake. Mimi ni mtu wa Meteor, mashujaa wa plastiki. Wangu walikuja na wazungu wa mgodini kutoka Uingereza. Wazungu walipoondoka, watoto wao wakaacha mashujaa kwenye mabaraza na majalalani, nami nikaokota mmoja mmoja. Nimeokota hadi nimezeeka.

Harish kasema Titano ni mpira ulioshiba na waya ndani: umkunje, umtupe, umkanyage, anaamka. Nikamwambia hata ndala ukiikanyaga inaamka. Nguo za kupaka rangi, ndizo nguo hizo? Meteor anavaa nguo za kitambaa, joho lina pindo, viatu vinavulika. Na anapiga goti kama muungwana! Titano akipiga goti unadhani ana tumbo la kuendesha. Harish alicheka hadi chai ikampalia.

Halafu akanichoma: "Lakini wako, Mama Violeth, ndani hamna kitu. Ngoma tupu." Nikamjibu ndiyo, na ndiyo maana Meteor anasimama kwa mguu mmoja, wake akijaribu anaanguka kifudifudi.

Sikumwambia habari yenyewe niliyokwenda nayo. Nilishindwa kuitamka.

Jumanne, 6 Juni

Haya, niandike. Chekechea ya kambi ya mgodi inafungwa mwisho wa mwezi huu. Mwalimu mwenyewe ni mimi, kwa hiyo nami nafungwa. Nyumba ni ya kampuni, funguo nirudishe tarehe thelathini.

Nakwenda kwa binti yangu Violeth, Rwamgasa, huko Geita. Mumewe anachimba dhahabu. Violeth ametuma ujumbe kwa dereva wa lori: mama aje na masufuria na godoro, midoli awape watoto wa jirani.

Mtoto niliyemzaa mwenyewe!

Jirani ni Paskalia. Watoto wake ni wale wanaomfukuza kuku mpaka anakufa kwa uchovu. Siwapi hata kiatu kimoja.

Jumamosi, 10 Juni

Balaa. Juzi mtu kakamatwa getini na jiwe — almasi mbichi — ndani ya kisigino cha kiatu cha mwanawe. Mkuu wa ulinzi ametoa amri. Mtu anayehama, kila kitu chenye uwazi ndani kifunguliwe mbele ya macho yake.

Bartholomeo wa karakana alihama jana. Redio wameifumua. Chupa ya chai wameivunja. Mto wameupasua, manyoya yakaruka hadi kantini. Paskalia alikuwa anasimulia huku akijipiga mapaja kwa kicheko. Nilicheka naye kidogo, kwa adabu. Halafu nikaelewa.

Chenye uwazi ndani!

Zamani nilikuwa napita na Kapteni Orbo, mmoja wa Meteor wangu, kwenye pochi kwenda kumtambia Harish, askari wanacheka tu. Kwa nini sikuwatoa wote siku zile? Lakini nani angejua. Nilidhani nyumba hii nitatolewa nikiwa nimelazwa kwenye jeneza.

Nimewashusha kutoka juu ya kabati. Orbo, Veltra, Nondo Mwekundu, wote. Nimewatikisa mmoja mmoja sikioni. Wanalia! Kama nusu yao wanalia kwa ndani, kwalakwala. Anayewajua Meteor anajua sababu. Shingoni kuna ndoano ndogo ya plastiki inayoshika lastiki. Ikizeeka inameguka, kipande kinadondokea tumboni. Ni ugonjwa wao wa siku zote, hata Harish anawatania nao.

Mimi nasikia ndoano. Askari atasikia almasi.

Jumapili, 11 Juni

Leo nimemwambia Harish yote, shule na geti. Savita akakaa chini, jambo ambalo huwa hafanyi, akaniwekea mkono begani.

Baadaye Harish akashauri: wafungue mwenyewe. Toa lastiki, tenganisha miguu na mikono, uwapeleke getini kama karanga zilizomenywa, kila mtu aone hamna kitu. Ukifika Geita uwafunge upya. Lastiki mpya atanipa yeye, anayo bunda zima.

Akaongeza taratibu kwamba wale Titano wawili alionizawadia Krismasi hawatasumbuliwa, hawana uwazi. Hakusema kwa kejeli. Ningefurahi zaidi angenikejeli.

Jumatano, 14 Juni

Nimejaribu kwa Nondo Mwekundu, kwa kuwa goti lake lilikuwa bovu tayari. Nimemlowesha kwenye maji ya moto alainike, kama mtu anavyonyonyoa kuku. Nikavuta mguu polepole. Nyonga ikapasuka — ka! Lastiki ikakatika, ikanichapa kidole. Kichwa kikaviringika chini ya jiko.

Ni plastiki ya miaka ishirini na zaidi. Imekauka. Kumfungua ni kumuua.

Kipande cha ndoano nimekipata ndani ya kifua. Kidogo, cha njano. Hicho tu.

Nililia. Mwanamke wa miaka hamsini na moja, jikoni, analia juu ya sufuria! Na wacha nijiambie ukweli, hapa hakuna anayesikia. Mume nilichaguliwa na baba, Mungu amrehemu. Kazi nilipangiwa. Nyumba ni ya kampuni. Hawa ndio kitu pekee maishani nilichokichagua mwenyewe, kwa macho yangu, kwa sababu nilikipenda. Nataka wafike Rwamgasa wakiwa wazima. Sitaki kingine.

Jumatatu, 19 Juni

Nimekwenda kumwona Jilala, askari wa getini. Nilimfundisha kushika penseli. Alisimama wima aliponiona.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, ng'wana wane, mwanangu." Nikamweleza. Nikamweleza hadi habari ya ndoano! Alisikiliza vizuri, anaitikia kwa kichwa, halafu akaanza kuangalia viatu vyake.

"Mwalimu, hata mayu wangu mzazi akipita hapa na mtungi, nauchungulia," akasema. "Nikikuachia wewe, kesho mimi ndiye nahama. Na kule Mhunze kuna wadogo zangu wananitazama mimi."

Nilitaka nimkasirikie, nikakosa pa kushika. Kijana kasema kweli, na kasema kwa heshima.

Nikapanda hadi ofisini kwa mkuu wa ulinzi. Yuko safarini. Msaidizi wake alinisikiliza akiwa anasaini karatasi zake, mwishowe akauliza kama ni midoli. Nikasema ni mashujaa. Akasema mama, ni midoli, tutakununulia mingine Mwanza. Nikashukuru! Nikamshukuru na kutoka. Hasira imenijia nikiwa nimeshafika nyumbani na kuvua viatu.

Jumamosi, 24 Juni

Nimefunga masufuria. Nimefikiria kuwazika nyuma ya nyumba. Plastiki haiozi. Lakini aliyehama hapewi tena kibali cha kuingia, sasa nitawafukua lini? Nimefikiria kumwachia Paskalia kabati zima na kufuli. Atavunja kufuli.

Nimesali. Katikati ya sala nikakwama, sikujua nimwombe Mungu nini hasa. Mchwa wa akili wamenijaa.

Ijumaa, 30 Juni

Naandika nimekaa kwenye benchi la getini. Lori la Geita linanisubiri ng'ambo ya kizuizi, dereva Valerian ameshapiga honi mara kadhaa. Godoro wamelipasua. Masufuria yamepita.

Titano wawili wamepita. Askari mkubwa aliwaminya, akawakunja, akawachoma sindano ndefu ikatokea upande wa pili, akawarudisha kwenye kikapu. Nyuso zao za rangi zinacheka vilevile kama mwanzo. Sina la kuwasema.

Halafu Meteor. Jilala amewapanga mezani, akawasimamisha wote, miguu imeachana kidogo ili wasianguke. Hakuna aliyemwelekeza. Akamwinua mmoja mmoja na kumtikisa sikioni. Aliye kimya kamweka kulia, anayelia kamweka kushoto. Moyo wangu! Nikaanza kuhesabu wa kulia. Veltra kulia. Nikasema moyoni, basi hawa watapona, nusu watapona.

Askari mkubwa akaja kutazama. Akasema kimya au kelele ni mamoja, wote wana uwazi. Akawasogeza kwa kiganja wakawa kundi moja, wengine wakaanguka. Kamwambia Jilala amalize upesi, mwenyewe kaenda kunywa chai.

Nikaomba niwapasue mimi. Hairuhusiwi, mwenye mzigo hashiki kisu. Jilala akainama karibu yangu.

"Nionyeshe pasipoonekana, mwalimu. Nitapita hapohapo."

Nikamwonyesha. Mgongoni, kwenye mshono, chini ya joho. Kwa hiyo imebidi niwavue nguo. Nimewavua wote, mmoja mmoja, nimekunja majoho na kuyaweka mapajani. Miaka yote hii nimejivunia nguo zao mbele ya Harish. Leo wako uchi kwenye meza ya askari na lori zima linatazama. Kuna abiria anauliza huyo mama anauza nini.

Jilala alikwenda kuchukua kisu. Amerudi. Si kisu cha kukatia plastiki, ni kisu cha kuchinjia mbuzi. Kakipangusa kwenye suruali. Anakipangusa tena, na mimi ndiye ninayemwambia tulia, mwanangu, tulia, ukiharakisha utatoka nje ya mshono.

Ameshusha pumzi. Kaniuliza tuanze na yupi.

Valerian anapiga honi. Wote wamesimama, ameshawainua hata walioanguka. Nawatazama usoni mmoja mmoja.

Jilala karudia tena swali, polepole, kwa upole, kama nilivyokuwa nikiwauliza watoto darasani, na anangoja nitaje jina.