Namba Niliyoionea Wivu

Uyole, Mbeya

Kwako Dada Blandina,

Shikamoo dada. Umeamkaje huko Ipogolo, na shemeji Yotamu je, kifua kimepoa? Huku baridi imeanza mapema na mama hataki kutoka jikoni, ila ni mzima, anakusalimu. Anasema umekuwa Mhehe kabisa, hata simu unaipokea kwa "kamwene". Mimi mwili ni mzima.

Dada, najua Apolonia alipofika kwako alikwambia amekuja kupumzika. Amenisitiri. Mimi ndiye niliyemfukuza kwa maneno, na si haki ukae na mke wangu bila kujua kisa.

Unaijua tovuti yetu ya wakulima wa parachichi: yeye anaandika ushauri, mimi natunza seva, ile kompyuta inayoihifadhi. Watu wanamsifu mno. Sokoni naulizwa kama mimi ndiye mume wa yule mwandishi. Nacheka, moyoni naungua. Nikaanza kutaka kujua ni akina nani hao wanaomsoma.

Kila anayefungua tovuti huacha mstari wake kwenye seva. Mwanzoni mwa mstari ipo anwani ya mtandao wake, namba nne zenye nukta katikati. Halafu muda, ukurasa aliosoma, na mwishoni programu aliyofungulia. Nikaiagiza kompyuta inichambulie kila palipo na namba nne za namna hiyo, inionyeshe zilizojirudia zaidi. Ikanipa moja iliyozipita zote: 120.0.0.0. Alfajiri ipo, mchana ipo, kila ukurasa wa mke wangu ipo. Dada, ile namba nikaivika suti na viatu. Nikaamua ni Dastan, yule bwana shamba anayempigia simu habari za miche.

Nilimuuliza Apolonia mbele ya mama. Akasema haijui hiyo namba. Nikamwambia namba haisemi uongo. Akanijibu taratibu kwamba nimemuuliza nikiwa na jibu langu mfukoni, akaenda kukunja nguo zake.

Alipoondoka nikataka kumfungia huyo mtu mlango wa tovuti. Nikaufungua ukurasa kwa kompyuta yangu ili nijaribu, nikautazama mstari wangu mwenyewe. Mwanzoni, anwani yangu. Mwishoni, baada ya jina la programu, 120.0.0.0. Kumbe ni toleo la programu, dada! Wasomaji wengi wanayo hiyohiyo. Sikuwa nimeiambia kompyuta itazame mwanzo wa mstari tu.

Nikasahihisha. Zikaja anwani nyingi, kila moja mara chache: wakulima wanasoma, basi. Ningemshukuru Mungu hapo. Lakini nilirudi kuzipekua upya, nikitamani nimpate hata mmoja wa kumshika shati. Hapo nikajiogopa. Na hata sasa ninapokuandikia nakuonea wivu wewe, unayemsikia akicheka.

Seva nimemkabidhi Goodness, mwenzangu wa ofisini, aitunze yeye. Sitaki tena kuchungulia.

Sikutumi umrudishe. Msomee barua hii, kisha umuulize kama naweza kuja kumwomba radhi mbele yako na shemeji. Akikataa, niambie wewe, dada. Asihangaike kutafuta maneno ya kunihurumia.

Msalimie shemeji sana na watoto wote. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Lusekelo