Ulipostaafu Wewe Ulipumzika

Masumbwe,
Ijumaa, baada ya sala

Kaka yangu Hamadi,

Shikamoo. Natumaini umzima, kifua kimetulia na macho bado yanaona vizuri, maana barua hii nataka uisome mwenyewe. Mimi huku sijambo, ukiondoa miguu ambayo jioni huvimba mpaka viatu vinakataa. Mvua imenyesha, watu wako mashambani. Sabuni hakuna, sukari hakuna, duka la kijiji limebaki na viberiti na majembe. Salamu zimeishia hapo. Sasa nakuambia kwamba nimekasirika, kaka, nimekasirika sana, na usiniambie nitulie kwanza. Nimejaribu kutulia tangu Jumatatu na haikusaidia kitu.

Unajua mwenyewe nimetaka kuacha kazi tangu lini. Nilipofiwa na mume wangu nilikuandikia kwamba nimechoka kuzalisha, nataka kurudi Tanga. Ukanijibu ngoja kwanza chumba chako kiezekwe bati. Nikangoja. Kikaezekwa, ukasema ngoja mwanao Zuhura aolewe, mama mwenye kazi ana heshima yake mbele ya wakwe. Zuhura akaolewa, yuko kwa mumewe Mwanza, ana watoto. Nikafika umri ambao serikali yenyewe inamruhusu mtu kustaafu akipenda, nina pensheni yangu na chumba changu, ukasema bado una nguvu, dada, ukiacha sasa utazeeka haraka. Nikakusikiliza, kwa sababu wewe ndiye uliyenilea baada ya baba, na nilidhani unanitakia mema.

Halafu ikaja ile barua yako tamu. Dada, inatosha. Dada, umewatumikia watu, njoo upumzike, chumba chako kinakungoja. Kaka, nililia. Nilikaa kwenye benchi la zahanati nikalia mbele ya wagonjwa, mpaka mama mmoja aliyeleta mtoto wa surua akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia sijafiwa, naitwa nyumbani. Wiki ileile nikampelekea mganga wetu wa zahanati barua ya kustaafu. Baiskeli yangu nikampa nesi mpya, binti wa Kisumbwa aliyeshika nafasi yangu. Kina mama wakaniletea kuku, karanga na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, wakaimba uwanjani kunishukuru, "Wabeja, mayu, wabeja!" Wengine kati ya hao walioimba niliwapokea kwa mikono yangu hii siku walipozaliwa.

Siku niliyokabidhi funguo, mkokoteni wa ng'ombe ulileta mama mwenye uchungu. Zamani ningekimbia. Siku hiyo nikakaa nje, nesi mpya akaingia. Nikasikia mtoto analia ndani, na mimi sijainuka kwenye kiti. Sikumbuki furaha kama ile, kaka. Nikasema kumbe hivi ndivyo mtu anavyostaafu.

Furaha yenyewe haikumaliza wiki. Jumatatu, siku ya mnada, alipita Salehe, yule mtoto wa jirani yako Bi Mwanaisha, siku hizi anaendesha lori la saruji mpaka Runzewe. Nikamkaribisha chai kavu.

"Hongera, Mama Zuhura," akaniambia. "Mzee Hamadi amefurahi kweli. Yule binti aliyekuwa anamuuguza Bi Asha ameshamwondoa."

"Anamuuguza? Wifi yangu anaumwa nini?"

Kijana akaweka kikombe chini. "Kwani hukuambiwa? Amepooza upande mmoja tangu kabla ya Maulidi. Mzee anasema, ya nini kumlipa mtu, na dada yake ni nesi na anakuja moja kwa moja? Kitanda chako kimeshawekwa mlemle kwa Bi Asha, upande wa mlangoni."

"Na chumba changu?"

"Kina mpangaji, mama."

Kumbe hukuniita nipumzike. Ulinitafutia kazi nyingine, isiyo na likizo wala mshahara, na ya kustaafu siku ya kuzikwa.

Nielewe vizuri. Sikukasirika kwa sababu wifi anaumwa. Asha nampenda. Nilipofiwa ndiye aliyepanda treni mpaka Isaka, akapanda lori juu ya magunia, akakaa nami eda yangu yote akinipikia, na wewe ukatuma salamu. Ungeniandikia, dada, mke wangu amepooza, nimeshindwa, njoo unisaidie, ningeacha kazi siku hiyohiyo na nisingeuliza habari ya chumba. Badala yake ukanificha ugonjwa wa wifi yangu, ukanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Machozi yangu ya pale kwenye benchi nayaonea haya mpaka leo.

Na linalonichoma zaidi ni hili. Wewe uliacha ukarani miaka mingi iliyopita, na mimi nilisafiri kuja kwenye sherehe yako. Tangu siku hiyo unaamka, unakunywa chai aliyopika Asha, unakwenda barazani kucheza bao mpaka adhana ya alasiri. Hakuna aliyekuuliza utamuuguza nani. Ulipostaafu wewe ulipumzika. Nikistaafu mimi, mnanisubiri kama ndoo iliyoazimwa na jirani na sasa inarudishwa. Miguu hii imechoka kuliko yako, kaka, nisingependa kubishana kwa hilo.

Uamuzi wangu ni huu. Nimestaafu, na barua ya kustaafu siirudishi. Ila Tanga sihamii. Kijiji kimenipa kiwanja nyuma ya mnada, fundi ameanza kufyatua matofali, na pensheni na shamba langu la karanga vitanitosha. Nikishavuna nitakuja kumwona wifi, nitakaa naye mpaka atakaponichoka, na nitalala chumbani kwangu. Mpangaji umtoe.

Ya wifi yasingoje mavuno. Mrudishe yule binti na umwombe radhi. Asipokuwepo utafanya wewe. Mgeuze ubavu mara kwa mara, usimwache alale upande mmoja kutwa, umpake mafuta ya nazi kwenye nyonga na visigino. Usimvute kwa mkono uliopooza, utamtegua bega. Uji umpe akiwa ameketi, kijiko kidogo kidogo, na usubiri ameze. Akijichafua mwoshe kwa maji ya vuguvugu, wala usione kinyaa, yeye amekufulia nguo zako maisha yake yote. Mikono unayo miwili, na bao linataka mmoja.

Nisalimie shangazi yetu mkubwa, na mdogo wetu fundi cherehani, mwambie gauni la Idi limenikaa vizuri. Bi Mwanaisha mwambie mwanawe ana adabu, asimgombeze kwa kuniambia ukweli. Mpangaji sina salamu naye.

Salamu za wifi zimo humu ndani. Utamsomea barua hii yote, kwa sauti, kuanzia shikamoo mpaka jina langu, hata pale ulimi utakapokuwa mzito. Nimempa Salehe, aliyerudi leo kutoka Runzewe, ailete, na nimemwomba apite kwa Bi Asha kumuuliza kama amesomewa. Upande mmoja wa mwili wake umelala, kaka. Masikio yake ni mazima.

Mimi dada yako, mstaafu,
Mama Zuhura