Picha Iliyonifanya Shujaa wa Yan

Jelutong,
Pulau Pinang.
30 Machi 2008

Mpendwa Mama Mdogo Rokiah,

Nakusalimu kwa heshima na kwa mapenzi mengi, nikitumaini kwamba waraka huu utakukuta mzima huko Cardiff, wewe na Baba Mdogo, na kwamba baridi imeanza kuwaonea huruma. Goti lako linaendeleaje? Wagonjwa wako wamekwisha kujifunza kulitamka jina lako, au bado wanakuita wapendavyo? Sisi huku hatujambo. Mama anapika, Baba anailaumu mvua, na mimi, tangu nipate shahada, nimepigwa marufuku kubishana wakati wa kula.

Mama ameniarifu kwamba ulilia kwenye simu baada ya kuiona picha yangu katika mtandao: nimekunja uso, machozi yananitiririka, mkono wangu umepenya nondo za lango, Mchina mmoja amenishika ukosi kwa nyuma, na juu yetu maneno makubwa, HASIRA ZAPANDA PULAU PINANG. Futa machozi, Mama Mdogo. Sikupigana na mtu. Nilikuwa harusini.

Habari za uchaguzi unazo. Muungano wa vyama uliotutawala tangu uhuru ulipoteza wingi wake wa theluthi mbili bungeni na kushindwa katika majimbo matano, letu likiwemo. Wazee walioikumbuka Mei ya 1969, Wamalay na Wachina walipouana baada ya uchaguzi, walinunua mchele na samaki wa kopo, wakafunga madirisha. Baba naye alinunua, kisha akadai eti bei ilikuwa nzuri.

Kesho yake baada ya kura ndiyo ilikuwa siku ya harusi ya Teik Seng, yule jirani aliyekuwa akifanyia hesabu za shule mezani kwetu na kunishinda kila mara. Tarehe ilichaguliwa na bibi yake kwa kalenda ya Kichina, na watu walipomshauri aiahirishe alisema, "Serikali ianguke isianguke, siku ya mjukuu wangu haisogezwi." Teik Seng alinifanya mmoja wa wapambe wake, na kwa kuwa ndimi niliyejulikana kwa maneno, nikapewa kazi ya kujadiliana langoni. Kwao, kama kwetu, bibi harusi hatolewi mpaka upande wa bwana harusi uteswe kidogo.

"Nani nyie?" aliuliza Siew Peng, binamu wa bibi harusi, kutoka ndani.

"Wakwe!"

"Wakwe wenye njaa au walioshiba? Haya, kuleni kwanza."

Akapitisha sahani kwenye nondo: ndimu, karela chungu, sukari, na pilipili iliyosagwa, yaani ladha zote za ndoa. Nikauliza kama vyote ni halali.

"Mboga tupu, ustadhi! Kula, acha hotuba!"

Nilikula pilipili. Ulimi uliwaka, macho yakabubujika, nami nikapenyeza mkono langoni na kuanza kuthibitisha, kwa hoja za kisheria, kwamba mapatano yanayofikiwa chini ya mateso hayana nguvu. Kaka yake Teik Seng akanivuta ukosi huku anacheka: "Bwana wee, tumekuja kuchukua mke, hatukuja kutunga katiba!" Wakati huo huo alipita mtu mwenye kamera.

Jumanne picha ilitoka gazetini. Wasichana wa bibi harusi na magauni yao walikuwa wameondolewa pichani. Nilimpigia mhariri.

"Huyo pichani si wewe?" aliniuliza.

"Ni mimi."

"Na hujakasirika?"

"Nimekula pilipili!"

"Sasa bwana, hiyo pilipili tungeipigaje picha?"

Nimesoma vitabu vingi kuhusu uhuru wa magazeti, na nitautetea hadi sauti inikauke. Lakini katika juma ambalo watu wanarundika mchele chini ya vitanda, anayeichukua picha ya kweli na kuivisha maneno ya uongo anacheza na kiberiti ndani ya nyumba yetu sote. Walichapa masahihisho hatimaye, mistari miwili, chini ya tangazo la matairi yaliyotumika.

Sasa nifike kwenye jambo lililoniondolea usingizi. Unajua nimemchumbia Salwani, mwalimu wa Yan, kule Kedah. Baba yake, Haji Shuib, alistaafu katika kazi ya mifereji ya mpunga, na hakunipenda hata kidogo. Siku ya kwanza kukaa mezani kwake nilimwambia kwamba upendeleo tunaopewa Wamalay katika vyuo na kazi ufuate umaskini, usifuate kabila. Aliisukuma harusi hadi Desemba, "ili kijana akomae."

Gazeti lilipotoka, naye akiamini nimepigana kwa ajili ya Wamalay, akanipigia yeye mwenyewe.

"Mwanangu!" Hajawahi kuniita hivyo. "Kumbe damu unayo! Desemba ya nini? Fanyeni Juni, shule zikifungwa!"

Salwani, ambaye ukweli aliujua, alinipigia dakika ile ile. "Syazwan, nakusihi, funga mdomo. Ukishanioa utabishana naye mpaka mzeeke wote wawili."

Mama Mdogo, nilijaribu. Nilijitungia hoja kwamba kunyamaza si kusema uongo, na hoja zilikuwa nzuri kweli kweli. Uzuri wake ndio ulionitia hofu.

Tulikwenda Yan, mimi na Baba. Picha yangu ilikuwa imefunikwa kwa plastiki na kutundikwa sebuleni, karibu na ile ya Kaaba. Majirani walipanga foleni kunishika mkono. Mmoja aliuliza niliwaangusha wangapi, na kabla sijafungua mdomo Haji alijibu, "Watatu." Nikairudisha nyama sahanini. Nikasema, "Baba, hakuna niliyemwangusha. Ile ilikuwa harusi," nikaeleza yote mbele ya wote.

Haji aliiangalia picha, akaniangalia mimi.

"Harusi?"

"Harusi, Baba."

"Na haya machozi?"

"Pilipili."

"Na huyu anayekukaba?"

"Kaka wa bwana harusi. Alikuwa ananizuia nisihutubie."

"Hilo nalisadiki," alisema baba yangu kwa sauti ya chini.

Mama Kalsom, mama yake Salwani, akatokea jikoni na upawa mkononi. "Mzee, tangu lini mtu akaenda kupigana na ua la waridi kifuani?" Akaligusa pichani kwa upawa: ua la utepe, kwenye mfuko wa shati langu.

"Uliliona?" aliuliza Haji.

"Siku ile ile. Nikanyamaza, nione kijana atakula ushujaa wa bure mpaka lini."

Uso wa Haji ulimshuka. "Kalsom, nimeionyesha msikiti mzima." Alilisema taratibu, na nilimhurumia kwa dhati. Gazeti lile amelisoma tangu ujana wake na kuliamini kuliko ndugu zake wa tumbo moja. Sikujua kama atanifukuza mimi au atalichana gazeti. Salwani alikuwa amesimama mlangoni, hatikisiki, na nilidhani ndiyo mara ya mwisho kumwona katika nyumba ile.

Haji aliishusha picha ukutani. "Twende."

Alinipeleka kwenye kibanda cha kahawa kando ya mfereji, ambako wanaume hukusanyika baada ya sala ya alasiri. Akaiweka picha mezani. "Utawaeleza wewe, mdomo unao. Mimi nitakaa hapa ubavuni."

Nikaeleza. Nilipofika kwenye pilipili kibanda kizima kiliangua kicheko.

"Na bibi harusi mlimpata?" aliuliza mzee mmoja.

"Tulimpata."

"Basi mlishinda!"

"Haji," alidakia mwingine, "wale marehemu watatu wamefufuka?"

Haji alicheka kwa shida, kisha akanigeukia. "Usidhani umeshinda na hoja zako zile. Binti yangu ni mwalimu kwa sababu serikali ilimshika mkono mtoto wa Mmalay aliyekuwa na matope mpaka magotini. Unataka kuukata mkono huo?"

"Ulinishika na mimi, Baba, siukani. Lakini Teik Seng alinizidi hisabati, na baba yake akauza duka ili amsomeshe. Mkono huo nataka umfikie kila mtoto mwenye matope, hata wa Mtamil anayegema mpira."

"Na ukiishia kwao kabla haujafika kwetu?"

Kwa swali hilo, Mama Mdogo, sina jibu, wala sijalikuta katika kitabu chochote. Nikamwambia hivyo hivyo. Kibanda kikagawanyika, meza hii upande wangu, meza ile upande wake, chai zikapoa, na mwenye kibanda akatutisha kwamba atazima jiko. Sijafurahia mabishano kama yale tangu nizaliwe.

Mwishowe Haji alipiga meza. "Sikilizeni! Kijana huyu amekosea kuhusu serikali, amekosea kuhusu katiba, na pilipili hajui kula. Lakini mkwe wangu ni yeye, na mwezi ni Juni."

Tuliporudi, Salwani alikataa kusema nami kwa hofu niliyomtia. Nikiwa njiani kurudi Jelutong akaniandikia ujumbe: "Juni. Usiongeze neno." Na mimi, nakuapia, sikuongeza.

Basi omba likizo mapema, Mama Mdogo. Mwaka huu hatukubali udhuru wa zamu wala wa nauli. Mama amekwisha kukutandikia kitanda moyoni. Nisalimie Baba Mdogo Idris, na binamu zangu Hanim na Faiz, uwaambie walete viatu vinavyostahimili matope ya Kedah. Baba na Mama wanakusalimu, na Teik Seng na mkewe Bee Lian pia. Mwenyezi Mungu akulinde katika kazi na safari, alitulize goti lako, na atukutanishe sote katika furaha hii.

Mwana wa dada yako, akupendaye na akungojaye,

Syazwan