Kiinua Mgongo Chetu Sote

Jumatatu, 4 Machi
Basi, limesemwa. Njia nne zinafungwa, nusu ya mabasi yanauzwa. Meneja katutangazia uwanjani hapo depo, mikono mfukoni, kama anasoma utabiri wa hali ya hewa. Eti baadhi yetu "tutaagana". Tutaagana! Kama vile tulikutana harusini.
Katibu wa tawi letu la chama cha wafanyakazi – fundi breki, mfupi, sauti ya lori – akatutuliza. Mkataba wetu na kampuni uko wazi: anayepunguzwa kazi analipwa kiinua mgongo kwa kila mwaka aliofanya, na analipwa kabla hajarudisha sare. Si hisani. Pande zote mbili zilisaini.
Nikapanda basi langu nikaenda zangu. Abiria mmoja akanifokea kwa kuchelewa. Ningemwambia nini?

Jumanne, 5 Machi
Nimemwambia baba watoto. Cherehani ikaendelea trrr, kisha ikanyamaza. Akauliza, "Na dada?"
Dada yake, wifi yangu, anaosha mabasi depo hiyohiyo. Tunaishi naye, analala chumba kimoja na binti yetu. Wala sikuwa nimemfikiria! Nina roho gani mimi?
Mwenyewe kaingia jioni, mabuti ya mpira mkononi. Huyu mtu maneno anayapima kama dawa ya kikohozi. Kala, kaosha vyombo. Kisha: "Basi lako lina tope mpaka kwenye vioo, wifi. Unaendesha au unalima?"
Nimecheka mpaka machozi. Nilikuwa nayahitaji.

Alhamisi, 7 Machi
Hila hiyo! Kampuni imemwita katibu. Madereva na mafundi tutalipwa kiinua mgongo chote, bila mzozo – ila chama kikubali kuwatoa waosha mabasi kwenye mkataba. Eti wale ni wasaidizi tu, si wafanyakazi wa usafiri. Kwani basi chafu linaruhusiwa kutoka getini? Mimi nimesharudishwa mara mbili!
Katibu kasema hataamua peke yake. Tutapiga kura Jumatatu.
Chumba cha madereva leo kilikuwa kama soko. Mwenzetu tunayemwita Honi, kwa kuwa anaipiga hata barabara ikiwa tupu, kasema waziwazi: kila mtu ajipiganie. Mkewe mgonjwa, watoto wako shule. Siwezi kumlaumu.
Na mimi – niandike ukweli, nani atasoma? – kwa muda nilikubaliana naye. Ada. Kodi ya nyumba. Chote, bila mzozo…

Jumamosi, 9 Machi
Wifi anajua. Depo nzima inajua.
Tulikuwa tunakunja nguo, mimi na yeye. Nikamuuliza, nyie waosha mabasi mna mtu wa kuwasemea chamani?
"Hatuna. Mnatusemea nyie."
Halafu akasema, "Piga kura unavyoona, wifi. Una watoto. Mimi sitakununia."
Hapo ndipo aliponimaliza. Angenifokea, ningepata pa kushika!
Nikamwambia, "Watoto gani? Hawa unaowaogesha wewe nikiwa barabarani? Unadhani ni wa nani?"
Shati alilokwisha kulikunja, alilikunjua akalikunja upya.

Jumatatu, 11 Machi
Kura! Tumepigia karakanani, katikati ya mabasi mawili yaliyofunguliwa injini. Ya kunyoosha mikono.
Sikupanga kusema. Nikajikuta nimesimama. Nikasema leo wanatolewa waosha mabasi kwa sababu ni wachache. Wakishatoka, wachache watakuwa nani? Mafundi. Halafu sisi.
Honi akanikatiza: "Sema tu unamtetea wifi yako!"
"Ndiyo, namtetea! Kwani wewe huna ndugu?"
Watu walikuwa wamecheka naye. Sasa wakacheka zaidi, na kicheko kikawa upande wangu.
Katibu akauliza nani anataka tukubali. Mikono hapa, mikono pale. Nikaanza kuihesabu. Nani anataka tukatae? Loo! Msitu mzima!
Honi hakunyoosha mkono upande wowote. Baadaye kanikuta nakagua matairi. Kasema mambo yakiharibika, atahamia kwangu kula. Nikamwambia aje na mkewe.

Jumatano, 13 Machi
Naandikia kwenye korido ya ofisi, nimekaa sakafuni. Katibu na wenzake wako ndani na meneja na mwanasheria wa kampuni tangu asubuhi. Huku nje tumejaa – madereva wasio na zamu, mafundi, waosha mabasi na ovaroli zao mbichi. Hata Honi kaja! Anagawa maji ya kunywa bila kumtazama mtu usoni.
Tunasikia vipande. Mwanasheria anang'ang'ania kuwa kuosha si usafiri. Katibu anagonga meza. Mtu anacheka, sijui nani.
Mlango umefunguliwa! Katibu katoa kichwa, jasho linamtiririka. Nikadhani ndiyo basi tena. Kumbe wamekubali kumsikia mwosha mabasi mwenyewe. Mmoja tu. "Na mtuletee kiti."
Wenzake wote wakamgeukia wifi. Yeye akanigeukia mimi. Nikatikisa kichwa: si mimi, nenda wewe.
Kiti kabeba Honi. Kakiingiza ndani, katoka, kasimama kando yangu.
Wifi kaingia, mlango umefungwa.
Ni yeye! Sauti ya wifi! Miaka yote hii nyumbani sijawahi kuisikia ikiwa juu hivi. Meneja kaanza kumjibu. Wifi kamwambia subiri, baba, sijamaliza.
Sijamaliza!
Korido nzima imeacha kunong'ona. Honi kaniegemea, ananiuliza kasema nini, kasema nini. Nimemwambia nyamaza, tusikie. Bado anaongea –