Mkono wa Gauni la Bluu

Jumatatu, 8 Machi 1999

Mama Ndinda,

Uji, kumsuka nywele vibaya, kazini. Jioni nimemaliza gari la waya. Magurudumu nimekata kwa slipa zangu kuukuu. Ndinda alilivuta mara mbili akaliacha mlangoni. "Baba, gari haiwezi lala na mimi." Ana miaka mitano na tayari ananishinda kwa maneno.

Jumatano, 10 Machi

Nimemshonea mwanasesere. Tumbo ni vipande vya blanketi, macho ni vifungo vya shati. Sikutaka kununua kitambaa. Nikakata mkono mmoja wa gauni lako la bluu, lile la kanisani, ukawa nguo yake. Ndinda amelala akimnusa. Bado ana harufu yako. Nimelia kidogo.

Alhamisi, 11 Machi

Mimi ni mjinga. Jumamosi mamako anakuja kutoka Makueni kugawa nguo zako. Nguo ya marehemu haiguswi kabla ya siku hiyo, na mimi nimeitia makasi. Tangu mazishi anasema mwanamume hawezi kulea msichana peke yake, kwamba atamchukua Ndinda. Sasa nimempa sababu. Nilitaka kufumua nirudishie mkono. Ndinda amekataa kumwachilia mtoto wake.

Naogopa.

Ijumaa

Sikula.

Jumamosi, 13 Machi

Mamako alitandaza nguo zako kwenye mkeka. Akafika kwa gauni. Akaligeuza, akaligeuza tena.

"Baba Ndinda, mkono uko wapi?"

Nikatazama chini. Mama mkwe hajibiwi ovyo. Ndinda akaja mbio, akamwekea nyanyake mwanasesere mapajani.

"Susu, usimshike hivyo! Hajakaza shingo."

Mamako akautambua ule mkono. Nikasubiri. Polepole akaweka kiganja chini ya kile kichwa cha blanketi.

"Nani alimshona huyu? Anakaa kama gunia ya viazi."

"Ni Baba."

Akacheka mpaka akalia. Kisha akaomba sindano, akamkaza shingo mwenyewe. Gauni akampa Ndinda. Akasema limeshapata mwenyewe.

Kwangu alisema tu, "Siku ingine uniulize. Mtoto abaki. Likizo nitamtaka."

Jumapili, 14 Machi

Mamako ameenda asubuhi. Peke yake. Tumempungia mkono mpaka gari likapotea.

Manyunyu kidogo mchana. Nimefua soksi. Ndinda amelala mapema, nyumba imetulia.

Ukiulizwa huko umeacha nani, ututaje sisi wawili.