Pikipiki ya Theluji Huku Maskati

Dada Zuhura,

Salamu nyingi kutoka kwenye joto. Tajiri wetu hapa ghalani Rusayl kanunua pikipiki ya theluji yenye turbo, aipande mchangani! Kila akikaza mwendo, petroli haifiki, injini inazima. Fundi kabadilisha chujio na pampu, wapi!

"Nikimjua aliyeiharibu, leo hii anarudi Unguja!" akaapa tajiri.

Hapo nikakumbuka: ni mimi niliyeziba kitundu cha hewa cha tangi kwa selotepu, mchanga usiingie. Bila hewa, petroli haishuki. Nikajifanya nafuta vumbi, nikaibandua. Tajiri akaiwasha, akakaza mwendo, ikanguruma bila kuzima!

"Salum, mkono wako una baraka! Kesho utaipanda wewe."

Niombee dua, dada yangu. Mama usimwambie mpaka nishuke.

Mdogo wako,
Salum